Kutoka kitabu cha maboi hadi seva ya nyumbani: nani anatunza kumbukumbu za Lubumbashi?

LUBUMBASHI – Mwaka 1965, mji huu ulipokuwa ungali unaitwa Elisabethville, watu waliowahi kutumika kama maboi katika nyumba za wazungu waliandika wenyewe historia ya mji, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Kijitabu chao kinaitwa Vocabulaire de la ville de Elisabethville, na mwandishi wake ni André Yav. Kingeweza kupotea kabisa. Kilipona kwa sababu nakala moja ilifika kwa mtafiti Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970. Mwaka 1990 alikitoa kama kitabu, na baadaye kikawekwa kwenye intaneti ambapo kila mtu anaweza kukisoma.

Familia zilizokimbia makwao zinajua vizuri maana ya jambo hilo. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stesheni za treni wakiwa na vitu vichache tu. Miaka iliyofuata, watu wa Mitwaba, Manono na Pweto nao walikimbia vita. Picha za wazee, hati za kuzaliwa na diploma za watoto zilibaki nyuma, na nyingi hazikuonekana tena.

Siku ambazo waya ulikatwa

Leo wengi wanasema picha ziko kwenye simu, na nyingine ziko kwenye intaneti. Lakini intaneti ni nini? Ni kompyuta za watu wengine, zinazoitwa seva, yaani watumishi: wewe unaomba picha au barua, nazo zinakuletea. Nyingi ziko mbali, Ulaya na Marekani.

Mwezi wa kwanza mwaka 2015, wakati wa maandamano kuhusu sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa nchini. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tena, na ikarudi baada ya siku karibu 20. Aliyeweka kila kitu mbali hakukifikia. Lakini ndani ya nyumba, ruta ya Wi-Fi haihitaji mega ili simu na kompyuta zisemezane. Mwenye seva yake chumbani angeendelea kusoma na kuona picha zake kama kawaida.

Programu isiyo na bei

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1991, pale mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alipotoa Linux, mfumo wa kompyuta ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuugawa bila kulipa. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, aina ya Linux yenye jina ambalo Waluba wanalitambua mara moja: kwao ni bumuntu. Kwa miaka kadhaa CD zake zilitumwa bure kwa posta hadi Afrika. Mwaka 2007 ikaja Kiwix, programu inayoweka Wikipedia nzima ndani ya disiki ili isomwe bila intaneti. Ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo na inaingia kwa urahisi. Ya Kifaransa yenye picha inataka makumi ya gigabaiti.

Jinsi ya kuanza

Kompyuta ya kubeba iliyozeeka inatosha, ikiwa na RAM ya gigabaiti 4. Ni bora kuliko ya mezani, kwa sababu batri yake inashika wakati umeme unapokatika. Hilo si jambo dogo hapa: ijapokuwa laini ya Inga inaleta umeme Katanga tangu 1982, kwa njia ya kilomita zipatazo 1,700, mitaa mingi bado inakaa gizani mara kwa mara. Batri iliyovimba isitumiwe. Inaweza kuwaka moto.

Weka Debian au Ubuntu. Ongeza Samba ili simu zote za nyumbani zihifadhi mafaili pamoja, kisha Kiwix kwa masomo ya watoto. Iunge kwenye ruta kwa kebo. Wakati wa kuweka mfumo, chagua kufunga disiki kwa neno la siri, ili mwizi asisome hati za familia. Pakua vyote mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha gawa kwa jirani kwa flash.

Na michezo?

Vijana watauliza. Zamani michezo ya Windows ilikataa kwenye Linux. Programu ya Wine ilianza kutafuta dawa mwaka 1993, na mwaka 2018 kampuni ya Valve ikatoa Proton, inayofanya michezo mingi ya Windows icheze. Lakini Fortnite na Valorant bado hazikubali, na michezo mikubwa inakula mega nyingi sana. Kwa nyumba ya kawaida, SuperTuxKart na Luanti, iliyoitwa zamani Minetest, zinafaa zaidi: ni za bure, ni nyepesi, na watoto wanacheza pamoja kupitia seva ya nyumbani bila kununua mega hata moja.

Nakala ya pili

Hata hivyo, seva ya nyumbani inaweza kuibiwa, kuungua au kuachwa nyuma usiku wa kukimbia. Wataalamu wanashauri nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya nyumba. Piga picha hati za kuzaliwa, diploma, karatasi za kiwanja na picha za wazee. Weka nakala kwenye seva, nyingine kwenye flash iliyofungwa kwa neno la siri ambayo mama anaweza kuibeba ndani ya kitenge, na ya tatu kwa ndugu Kolwezi, Kasumbalesa au Kalemie.

Kijitabu cha André Yav kilipona kwa nakala iliyofika kwa mtu mwingine, na ndiyo maana wajukuu wa maboi wale wanaweza kukisoma leo.