Bakshishi, Ada na Ujira: Habari za Zawadi ya Mtumishi wa Meza katika Nchi za Kigeni

Wazee wetu husema, Ukiingia mji wa chongo, nawe fumba jicho. Mithali hii ni njema, lakini haitoshi. Maana mgeni hana budi kujua kwanza ni jicho lipi lifumbwalo katika mji ule, la kuume au la kushoto. Jambo hili nalijifunza kwa aibu. Siku chache baada ya kufika Chicago, katika nchi ya Marekani, naliingia nyumba ya kulia chakula, nikahudumiwa vema na mwanamke mmoja, ambaye aliniletea maji mara tatu pasipo kuitwa. Nilipokwisha kula naliletewa hesabu. Nikalipa sawasawa kama ilivyoandikwa, nikashukuru sana kwa kinywa, nikasimama niende zangu. Yule mwanamke akanifuata mpaka mlangoni, akaniuliza kwa upole kama nimeona kosa lo lote katika utumishi wake. Nikamjibu kwamba sikuona kosa. Akanitazama kidogo, asiseme neno, akarudi kazini. Jioni ile mwenyeji wangu alinieleza kwamba sehemu kubwa ya mshahara wa mwanamke yule haikuwamo katika hesabu niliyolipa. Ilikuwa mfukoni mwangu, nami naliondoka nayo.

Tangu siku ile nimejitahidi kuitafuta asili ya desturi hii, nikaona ya kuwa lugha yetu ina maneno yatufaayo sana kupambanua mambo ambayo mataifa mengine huyachanganya katika neno moja. Basi yafaa tuyatazame maneno hayo kwanza, kisha tuyachukue safarini kama mizani.

Neno la kwanza ni bakshishi. Asili yake ni Kiajemi, nalo limetoka katika kitenzi chenye maana ya kutoa na kusamehe. Waturuki, Waarabu na Wahindi walilipokea, hata likafika pwani yetu. Maana yake ya asili ni kitu kitolewacho kwa ukarimu, juu ya haki ya mtu. Aliyepewa hushukuru; asiyepewa hana la kudai.

Neno la pili ni ada, nalo ni la Kiarabu, maana yake desturi yenyewe. Katika arusi za pwani zamani palikuwa na ada nyingi, na kila moja ilikuwa na jina lake: kifungua mlango, kiosha miguu, kipa mkono. Kadhalika mwanafunzi wa kazi alipohitimu, alimtolea fundi wake kilemba. Vitu hivi viliitwa zawadi, lakini havikuwa vya hiari. Kila mtu alijua apewaye ni nani na kwa sababu gani, na asiyetoa alisutwa.

La tatu ni ujira, yaani malipo ya kazi. Na ujira ukilipwa kwa mwezi huitwa mshahara, neno litokalo katika jina la Kiarabu la mwezi. Ujira si ukarimu wala si desturi tu. Ni haki, na kuuzuia ni dhuluma.

Liko na neno la nne, hongo. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Ugogo ikienda bara iliwatolea wakuu wa nchi hongo ya nguo na shanga na waya, ndipo ikaruhusiwa kupita na kuteka maji. Wasafiri kama Burton na Stanley walinung'unika sana juu yake. Lakini kwa wenye nchi ilikuwa kodi ya njia, wala haikutolewa kwa siri. Leo neno lile lile lataja rushwa. Hapo twapata fundisho la kwanza: malipo yaweza kushika jina lake, na tabia yake ikageuka kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa zawadi ya mtumishi.

Katika Ulaya zawadi hiyo ilianza kama kinywaji. Majina yake yashuhudia. Wajerumani huiita Trinkgeld, yaani fedha ya kunywea; Wafaransa huiita pourboire, yaani ya kunywa. Neno la Wapolandi lakumbusha kunywa, la Wahangari lataja divai, na la Warusi lataja chai. Nasi hata leo twasikia mtu akiomba "ya chai" au "ya soda," ingawa neno chai limekwisha kuchafuliwa, kama hongo lilivyochafuliwa kabla yake. Waingereza husema tip. Wako wasemao kwamba neno hilo ni herufi za kwanza za maneno matatu yaliyoandikwa juu ya kisanduku cha mkahawa. Lakini hiyo ni hadithi iliyotungwa baadaye. Neno lilikuwa katika misemo ya wezi na wahuni wa Uingereza tangu karne ya 17, kwa maana ya kutoa au kupitisha kitu.

Jinsi zawadi ilivyogeuka kuwa ada yaonekana wazi katika Uingereza ya karne ya 18. Mtu alipoalikwa kula nyumbani kwa bwana mkubwa, wakati wa kuaga aliwakuta watumishi wamesimama mlangoni kwa safu: huyu ameshika kofia yake, yule fimbo yake, na kila mmoja angoja fedha. Fedha hizo ziliitwa vails. Basi karamu ya bure ikawa ghali kuliko chakula cha kununua, na watu wasio na mali wakaogopa kualikwa. Mwaka wa 1760 Jonas Hanway, mfanya biashara na mwandishi, alitoa kitabu cha barua za kuilaumu desturi hiyo. Huko Scotland waungwana wengi walipatana kuikomesha wakati ule ule. Lakini mwaka wa 1764 watumishi wa London walifanya ghasia katika bustani ya Ranelagh, wakiwakasirikia mabwana waliotaka kuiondoa. Tusiwahukumu upesi. Bwana aliyetegemea wageni wawape watumishi wake fedha aliweza kuwapa mshahara mdogo. Na alipoikomesha ada pasipo kuongeza mshahara, aliwanyang'anya watumishi chakula chao. Twaona basi ya kuwa ada ilikuwa imekwisha kuwa ujira.

Katika Marekani mambo yalikwenda mbali zaidi. Watu wa nchi ile hapo kwanza waliichukia desturi hii, wakasema yafaa nchi za mabwana na watwana, wala si nchi ambayo watu wote ni sawa. Lakini baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka wa 1865, matajiri waliosafiri Ulaya walirudi nayo. Na wakati huo huo watumwa walikuwa wamewekwa huru, nao walitafuta kazi. Mwaka wa 1867 George Pullman alianzisha kampuni ya mabehewa ya kulalia, yenye makao yake Chicago. Akawaajiri watu weusi kuwahudumia abiria, na wengi wa wale wa kwanza walikuwa wametoka katika utumwa. Mshahara wao ulikuwa mdogo, kwa kuwa kampuni ilitumaini kwamba abiria wataujaza. Abiria nao waliwaita wote kwa jina moja, George, yaani jina la mwenye kampuni, kama mtumwa zamani alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Hivyo mtu aliyekwisha kuwa huru alipaswa kucheka na kuinama usiku kucha ili apate riziki kwa hisani ya asiyemjua.

Wako waliojaribu kuiondoa desturi hiyo kwa sheria. Jimbo la Washington liliikataza mwaka wa 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Lakini kufikia mwaka wa 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Hazikufaulu, maana zilikataza mkono wa abiria kutoa, pasipo kuulazimisha mkono wa mwajiri kulipa. Watumishi wa mabehewa wenyewe walishika njia nyingine. Mwaka wa 1925 waliunda chama chao, wakiongozwa na A. Philip Randolph, wakashindana na kampuni miaka kumi na miwili, hata mwaka wa 1937 kampuni ikatia sahihi mapatano nao juu ya mshahara na saa za kazi. Hawakuomba abiria waongezewe ukarimu. Waliomba ujira uitwe ujira.

Lakini watumishi wa meza hawakufika huko. Sheria ya mwaka wa 1938 iliyoweka kima cha chini cha mshahara iliwaacha nje wengi wao. Walipoingizwa mwaka wa 1966, mwajiri aliruhusiwa kuihesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara. Tangu mwaka wa 1991 sheria ya taifa yamruhusu mwajiri kumlipa mtumishi apokeaye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, ikiwa bakshishi zake zatosha kufikisha kima cha chini cha wote, ambacho tangu mwaka wa 2009 ni dola 7.25. Zisipotosha, mwajiri yampasa kujaza. Majimbo mengine hulazimisha zaidi, na Washington, lile lililoikataza bakshishi kwanza, humtaka mwajiri alipe kima chote kabla ya kuhesabu bakshishi. Hata hivyo desturi ni moja kote nchini: mgeni aliyeletewa chakula mezani huongeza asilimia 15 mpaka 20 ya hesabu. Asiyeongeza hahesabiwi kuwa bahili tu. Amekula jasho la mtu.

Sasa tuvuke bahari twende Ufaransa, mahali ambapo neno pourboire lingali hai, lakini mambo ni mbali. Sheria ya mwaka wa 1933 iliamuru kwamba fedha zote za utumishi ambazo mwajiri amezipokea kwa wateja zifikie mikono ya watumishi wenyewe. Kisha tangu mwaka wa 1987 bei iandikwayo katika orodha ya vyakula sharti iwe na malipo ya utumishi ndani yake. Kwa hiyo mgeni aonaye maneno service compris ajue ya kuwa ujira umekwisha kulipwa. Akipenda kuacha sarafu mbili tatu juu ya meza, hiyo ndiyo bakshishi kwa maana yake ya asili. Na asipoacha, hakumdhulumu mtu. Katika London mara nyingi mgeni atakuta asilimia 12.5 imekwisha kuongezwa katika hesabu; aitazame vema asije akatoa mara mbili. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2023 na kuanza kutumika Oktoba 2024 yamkataza mwajiri wa huko kujikatia kitu katika fedha hizo.

Huko Japani mgeni hukuta jicho jingine limefumbwa. Zamani msafiri aliyefika nyumba ya wageni alimpa mwenye nyumba fedha iliyoitwa chadai, yaani malipo ya chai, na kwa kadiri ya fedha hiyo alipokewa vizuri au vibaya. Desturi hiyo imekwisha. Leo mgeni akiacha fedha mezani katika nyumba ya kulia, yamkini mtumishi atamkimbilia njiani amrudishie, akidhani ameisahau. Kazi njema kwao ni wajibu uliokwisha kulipwa. Kuongeza fedha ni kama kusema kwamba pasipo hiyo ingalifanywa vibaya. Katika nyumba za wageni za namna ya zamani wako wampao mhudumu kitu kidogo, jina lake kokorozuke, neno lenye kutaja moyo. Lakini hutiwa katika bahasha ndogo, maana kutoa fedha tupu mkononi ni utovu wa adabu.

Msomaji aweza kuuliza, Je, mambo haya yatuhusu nini sisi tukaao huku? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, walimu na makasisi wetu wengi husafiri kwa masomo na mikutano, nao hubeba sifa ya kwao. Mtu atoaye kila mahali kwa kipimo kimoja, akidhani ni mkarimu, aweza kumdhulumu mtu Chicago na kumwaibisha mwingine Tokyo kwa siku mbili. Asiulize kwanza, Nitoe kiasi gani? Aulize, Ni nani amlipaye mtu huyu mshahara wake? Akiisha kupata jibu, atajua kama kilicho mkononi mwake ni ujira, au ada, au bakshishi. Na kiasi chake kitafuata.

Pili, nasi tu wenyeji. Wachukuzi wapandishao mizigo ya wageni katika mlima wa Kilimanjaro hungoja bakshishi mwisho wa safari, na kwa wengi hiyo ni sehemu kubwa ya pato lao. Twaiita bakshishi, na mgeni asikiapo neno hilo hudhani ni jambo la hiari, kama nilivyodhani mimi katika meza ile ya Chicago. Kama kweli ni ujira, haifai kuificha ndani ya jina la ukarimu, kisha kumlaumu mgeni asiyeijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wazee. Lakini mwenyeji apone kwa haki yake iliyotajwa wazi, asiingojee riziki yake katika uso wa mgeni.

Naliondoka Chicago baada ya miezi miwili. Kabla ya kuondoka nalirudi katika nyumba ile ya kulia, nikamwuliza yule mwanamke. Nikaambiwa amehama, wala hapana ajuaye alikokwenda. Deni lile sikulilipa. Ndiyo sababu nimeyaandika haya, ili mwingine asije akalikopa pasipo kujua.