DUKA LA KIJIJI, BEI YA TAIFA

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya duka, na hasa duka la kijijini. Twende kusini, Nanyamba, juu ya uwanda wa Wamakonde, kusini-magharibi ya mji wa Mtwara, upande wa kuelekea Mto Ruvuma. Tangu mwaka 2015 Nanyamba ina Halmashauri yake ya Mji. Katika miaka ninayotaka kuizungumza ilikuwa sehemu tu ya Mtwara Vijijini, nchi ya mikorosho, mihogo na shida ya maji.

Sisi wa mjini tukisikia habari ya kampuni yenye maduka mengi, mawazo yetu hukimbilia supamaketi. Tunakumbuka Shoprite ya Afrika Kusini, iliyouza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Tunakumbuka Uchumi, nayo ya Kenya, iliyofunga milango yake hapa nchini mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikaelemewa na madeni miaka miwili baadaye, rafu zikabaki tupu. Mwaka 2016 jina la Carrefour la Ufaransa liliingia Nairobi, lakini aliyefungua duka hakuwa Mfaransa. Ni kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyopata ruhusa ya kulitumia jina hilo. Biashara ya namna hiyo huitwa fransaizi. Mmoja ana jina na utaratibu, mwingine anatoa mtaji na kubeba hasara.

Watu hudhani mambo haya ni mageni. Kwa hakika Nanyamba na vijiji vya jirani vilipata kuishi ndani ya mfumo unaofanana sana na huo, ila hakuna aliyeuita kwa jina hilo.

Kabla ya uhuru na miaka michache baada yake, biashara ya uwanda ule ilikwenda kwa mali kauli. Mfanyabiashara mkubwa aliyekaa Lindi, Mikindani au Mtwara alimpa mwenye duka dogo wa bara vitambaa, chumvi, sukari na mafuta ya taa bila fedha mkononi. Mwenye duka dogo naye alimkopesha mkulima. Korosho zikianguka, deni lilirudi kwa njia ileile, kutoka kwa mkulima hadi kwa tajiri wa pwani. Bei hazikuandikwa popote. Mkulima alipunjwa kwenye mzani wakati wa kuuza korosho, akapunjwa tena kwenye kipimo wakati wa kununua sukari, na wengi wa matajiri hao walikuwa Waasia, jambo lililoongeza uchungu wa kisiasa. Lakini tuseme kweli: chumvi ilifika. Tajiri alikuwa na sababu ya kuifikisha, maana bila chumvi asingepata korosho.

Serikali ya uhuru ilitaka kuuvunja mnyororo huo. Mwaka 1962 kiliundwa chombo kilichoitwa COSATA, kwa shabaha ya kusambaza bidhaa kwa maduka ya ushirika wa walaji. Hakikufika mbali. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, chombo hicho pamoja na makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza bidhaa, kama Smith Mackenzie, Dalgety na Twentsche, vilitaifishwa, na likazaliwa Shirika la Biashara la Taifa, ambalo kila mtu alilijua kwa herufi zake tatu, STC. Shirika moja Dar es Salaam likatakiwa lijue Newala wanahitaji majembe mangapi na Bukoba wanahitaji sabuni kiasi gani. Halikuweza. Mwaka 1973 ikaamuliwa livunjwe, na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara. Hizo ndizo RTC, chini ya Halmashauri ya Biashara ya Ndani.

Basi Mtwara ikawa na RTC yake. Kazi yake ilikuwa kupokea bidhaa kutoka mashirika ya taifa, kila shirika na bidhaa zake: sukari mkono mmoja, vitambaa mkono mwingine, baiskeli na vyombo vya nyumbani mkono wa tatu, unga kutoka Shirika la Taifa la Usagishaji. RTC ilikuwa na maghala yake, na yenyewe iliuzia maduka ya vijiji. Chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, kijiji kilichoandikishwa kilihesabiwa kuwa chama cha ushirika chenye shughuli nyingi, na mojawapo ya shughuli hizo ilikuwa duka.

Tazama sasa mpango wenyewe. Mtaji ulitoka kwa wanakijiji, kwa hisa na michango. Jengo lao, muuzaji wao, daftari lao. Bidhaa gani ziingie, wakaamua wengine. Bei gani ziuzwe, wakaamua wengine tena. Hasara ikitokea, ni ya kijiji. Tofauti na fransaizi ni moja tu, lakini ni kubwa: mwenye jina katika fransaizi hupata sehemu ya mauzo, kwa hiyo hukosa usingizi duka likikosa bidhaa. Ofisa wa RTC hakupungukiwa na senti ya mshahara wake kama duka la kijiji lilikaa mwezi mzima bila sukari.

Hebu sasa tuingie kwenye bei, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka huohuo wa 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, na ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Tume ilichukua gharama ya kiwandani au ya bandarini, ikaongeza faida ya mwenye jumla, ikaongeza faida ya mwenye rejareja, ikatangaza bei. Mamia kwa mamia ya bidhaa yalipangiwa bei kwa njia hii. Nyingine, kama sembe, ziliwekewa bei moja nchi nzima, kwa nia njema kabisa: kwa nini mtu wa Newala alipe zaidi ya mtu wa Dar es Salaam, wakati wote ni wananchi wa nchi moja?

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Bidhaa inatoka kwa shilingi mia. Mwenye jumla anaruhusiwa shilingi tano, mwenye rejareja shilingi kumi. Mlaji atauziwa kwa mia moja na kumi na tano, asizidishiwe. Duka lililo mtaa wa pili kutoka ghala la Mtwara linaichukua bidhaa kwa mkokoteni na kubakiwa na karibu kumi zote. Duka la kijiji cha Nanyamba linakodi lori. Tuseme nauli inakula nne, kupakia na kupakua moja, mfuko uliochanika njiani moja. Imebaki nne, na bado muuzaji hajalipwa. Zilikuwapo bidhaa ambazo nauli iliruhusiwa kuongezwa, lakini nauli iliyokadiriwa ofisini haijui mchanga wa barabara za uwanda ule wala bei ya spea ya lori.

Tena hiyo ni safari ya mwisho tu, baada ya mzigo kufika Mtwara. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ilikwisha kung'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na Mto Rufiji, ambako magari yalivuka kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Masika yakija, njia ilifungwa na tope. Zilibaki meli, nazo zilikuja zilipokuja. Bei ya taifa ilidai kwamba umbali haupo. Umbali ulikuwapo, na gharama yake ilimwangukia yule wa mwisho kwenye mstari.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa kufungwa ili yapishe maduka ya ushirika ya vijiji. Mwaka huohuo, mwezi Mei, vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, hatua ambayo Mwalimu Nyerere mwenyewe, miaka ya baadaye, aliihesabu kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Maduka yalifungwa upesi kuliko mengine yalivyofunguliwa. Mahali pengi bidhaa zikatoweka, na haukupita muda operesheni ikasimamishwa. Lakini mwenye duka aliyekwisha kufunga na kuhamia mjini hakurudi kwa tangazo la redio.

Kuliendesha duka la kijiji kulihitaji mtu anayejua hesabu, na wasemao mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa kama wanayazungumzia maduka hayo. Hata hivyo, mimi sikubaliani na wanaotupa lawama yote kwa wauzaji wa vijiji. Muuzaji mwaminifu kuliko wote, mwenye daftari safi, angepata hasara katika hesabu tuliyoifanya hivi punde. Yule aliyetaka duka lisife alikuwa na njia mbili: auze juu ya bei iliyotangazwa, awe mlanguzi kwa mujibu wa sheria, au afungamanishe, yaani anayetaka kilo ya sukari alazimike kuchukua pia bidhaa iliyododa, jambo ambalo nalo lilikatazwa.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, viwanda vikakosa malighafi, na RTC zikawa ofisi za kugawa uhaba. Ndipo tukajifunza msamiati ambao vijana wa leo wanausikia kama hadithi: mgawo, foleni, kibali, mlango wa nyuma. Mwenye msiba alihitaji barua ya viongozi ili apate sukari ya matanga. Mjini kulikuwa na maduka ya kaya na orodha za balozi wa nyumba kumi. Mgawo wa mkoa ulipofika Mtwara, wenye ofisi walikuwa karibu na ghala. Kijiji cha uwandani kilikuwa mbali na ghala na mbali zaidi na mwenye kalamu. Bei kwenye karatasi ilikuwa nafuu sana. Kwa mtu wa Nanyamba, bei ya kitu kisichokuwapo ina faida gani?

Na hapa lipo jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, sehemu kubwa kutoka Mtwara na Lindi. Msimu wa 1986/87 zilipatikana chini ya tani 20,000. Sababu zinazotajwa ni watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei mbaya ya mkulima, na ugonjwa wa ubwiri unga. Zote ni za kweli. Lakini wapo wachumi waliochunguza Tanzania ya miaka ile na kuongeza nyingine: rafu tupu. Mkulima anapalilia mikorosho ili apate fedha, na fedha ni ya kununulia kanga, sabuni, sukari na bati. Vitu hivyo visipokuwapo dukani, fedha inakuwa karatasi, na mwenye akili atapanda mihogo ale. Duka likifa, shamba nalo linadhoofika. Tajiri wa mali kauli alilielewa jambo hili bila kusoma kitabu.

Mwaka 1983 ilikuja vita ya Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni na vitenge vilivyofichwa vikatolewa, watu wakakamatwa, lakini kilichofichwa kilikuwa kidogo kuliko kilichokosekana. Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa, na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Rafu zikajaa, bei zikapaa. Udhibiti ulilegezwa mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya 1990 RTC ziliingia katika orodha ya mashirika ya umma ya kuuzwa au kufilisiwa.

Aliyeijaza nafasi ile uwandani hakuwa na supamaketi. Ni mwenye duka dogo, anayepima mafuta kwa kikombe na sukari kwa robo. Na nyuma yake, katika nchi ya korosho, yupo mtu wa kangomba. Mauzo halali ya korosho hupitia vyama vya msingi na minada ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08. Lakini mnada ni baada ya mavuno, na njaa haisubiri mnada. Miezi ya masika mkulima hupewa unga au fedha kidogo, aje alipe kwa korosho, zilizopimwa kwa bakuli badala ya mzani. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatumia wanajeshi kuzisomba, wa kangomba walisakwa kwa nguvu. Wanaosakwa ni wengi, lakini sijasikia sana mjadala juu ya ile kilo ya unga ya mwezi Machi, nani ataikopesha, na kwa bei gani.

Udhibiti wa bei nao haujasahaulika. Januari 2024 sukari ilipoadimika na kuuzwa shilingi elfu nne na zaidi kwa kilo, Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo kwa kanda, za rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200. Kwa kupanga kwa kanda, angalau safari hii ilikubalika kwamba nchi ina umbali ndani yake. Ila kanda ina miji ya mikoa yenye maghala, na ina vijiji vya mwisho wa njia ya mchanga, na wote walisomewa tangazo lilelile. Kwa majuma kadhaa maduka mengi yaliendelea kuuza juu ya kikomo hicho. Bei ilianza kushuka shehena za sukari kutoka nje zilipofika bandarini, Dar es Salaam.