Fahamu Vijichembe vya Seli Katika Damu ya Mgonjwa wa Mshtuko wa Moyo

Vijichembe vya seli ni vipande vidogo mno vya utando vinavyomeguka kutoka kwenye seli za mwili na kuelea katika damu. Kila mtu anavyo, lakini huongezeka kwa mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Wataalamu wanavichunguza ili kufahamu kwa nini baadhi ya wagonjwa hawapati nafuu inayotarajiwa hata baada ya mshipa wa moyo ulioziba kufunguliwa.

Asili na ukubwa wake

Mwaka 1967, mtafiti Peter Wolf wa Uingereza alieleza kuwapo kwa chembe ndogo zitokanazo na chembe sahani, yaani chembe za damu zinazozuia mtu asivuje damu anapojeruhiwa. Aliziita vumbi la chembe sahani, na akaonesha kuwa vumbi hilo huchangia damu kuganda. Baadaye ilibainika kuwa vijichembe hutoka pia katika seli nyeupe, seli nyekundu na tabaka la ndani la mishipa.

Kwa kawaida vina upana wa kati ya maikromita 0.1 na 1, ilhali seli nyekundu ina takribani maikromita 7. Seli inapochochewa au inapokufa, mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo hukaa upande wa ndani wa utando, hugeukia nje. Hapo protini za kugandisha damu hupata mahali pa kushika na kufanya kazi.

Wakati wa tiba

Mshtuko wa moyo hutokea mara nyingi pale utando wa mafuta uliojijenga katika mshipa wa moyo unapopasuka na donge la damu kuziba njia. Daktari hupitisha mrija mwembamba kupitia mshipa wa mkono au wa paja, hupanua sehemu iliyoziba kwa puto, kisha huweka stenti ili mshipa ubaki wazi. Tiba ya puto ilifanywa kwa mara ya kwanza na Andreas Grüntzig mjini Zurich, Uswisi, mwaka 1977. Nchini Tanzania, tiba ya aina hii hutolewa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam.

Puto hukandamiza utando wa mafuta na kukwaruza ukuta wa mshipa, hivyo mabaki na vijichembe huweza kusukumwa mbele. Kwa baadhi ya wagonjwa, mshipa mkubwa hufunguka lakini damu haipiti vizuri katika mishipa midogo ya msuli wa moyo. Vijichembe vinadhaniwa kuwa miongoni mwa visababishi vya hali hiyo, pamoja na uvimbe na vipande vya donge la damu.

Mwaka 2000, watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Ziad Mallat walionesha kuwa wagonjwa wenye tatizo la ghafla la mishipa ya moyo walikuwa na vijichembe vingi vya kugandisha damu kuliko wenye maumivu ya kifua yasiyobadilika.

Si kipimo cha hospitali bado

Kuvihesabu ni kazi ngumu. Vingi ni vidogo kiasi cha kutoonekana na mashine, na sampuli ikitikiswa au ikicheleweshwa huzalisha vijichembe vipya. Aidha, kisukari, shinikizo la damu na uvutaji wa sigara pia huviongeza. Kwa sababu hiyo, mshtuko wa moyo huendelea kutambuliwa kwa dalili, kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu cha troponini.

Kwa mwananchi, jambo la msingi ni muda, kwa kuwa msuli wa moyo hufa kadiri damu inavyokosekana. Mwenye maumivu ya kubana kifuani yanayosambaa hadi mkononi, begani au kwenye taya, jasho jingi au kupumua kwa shida, awahishwe hospitalini mara moja. Aliyewekewa stenti asiache dawa za kuzuia chembe sahani kugandamana bila ushauri wa daktari wake.