Habari za Kuwatunza Wenye Saratani

Katika mwaka huu wa Jubili, tukumbukapo kazi za waliotutangulia katika kuwauguza wagonjwa, twaona vema kuandika habari ya jambo ambalo wengi wetu hatujui asili yake: namna ya kumtunza mwenye saratani, hata pale ambapo ugonjwa wake hauponi tena.

Hapo zamani mgonjwa wa namna hiyo aliambiwa mara nyingi kwamba hakuna la kufanya tena. Dawa ya morfini ilijulikana, lakini iliogopwa. Alipewa akiisha kulia, na nguvu yake ikiisha alingoja mpaka alie tena. Basi siku zake zikawa za kuogopa maumivu na kuomba dawa.

Lakini mjini London ilikuwako nyumba ya St. Luke, iliyoanzishwa mwaka 1893 kwa ajili ya maskini waliokaribia kufa. Humo morfini ilitolewa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Mwaka 1948 Bibi Cicely Saunders, aliyekuwa amefunzwa uuguzi, alianza kujitolea humo. Mwaka huohuo alimfariji Mpolandi mmoja, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao. Wakazungumza habari za nyumba ambayo ingewafaa watu kama yeye; naye alipokufa alimwachia paundi 500, ziwe dirisha katika nyumba hiyo.

Bibi Saunders akasomea udaktari, akafuzu mwaka 1957. Mwaka uliofuata akaingia St. Joseph, nyumba iliyofunguliwa na masista wa Ireland huko London mwaka 1905. Masista walikuwa na upendo mwingi, ila dawa ilitolewa kwa kuombwa. Yeye akaileta desturi ya St. Luke. Akaketi kando ya vitanda, akauliza, akasikiliza, akaandika habari za wagonjwa zaidi ya 1,000. Akaona ya kuwa aliyepewa dawa kwa saa, kwa kiasi kimfaacho, hakuwa mtumwa wa dawa, bali aliweza kuzungumza na jamaa zake. Tena aliona kwamba maumivu si ya mwili tu: hofu, upweke, deni na wasiwasi wa watoto huuma pia. Mwaka 1967 akafungua nyumba ya St. Christopher, na dirisha la Tasma limo.

Elimu hiyo ikaenea. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo: dawa itolewe kwa kinywa, kwa saa, na kwa ngazi ya vidato vitatu, kuanzia dawa nyepesi kama aspirini, kisha kodeini, kisha morfini. Mwaka 2018 mwongozo ulifanywa upya: ngazi isishikwe kama sheria, bali dawa ya kwanza ichaguliwe kwa kadiri ya ukali wa maumivu. Saa na kinywa vilibaki.

Kwetu Afrika Mashariki, Daktari Anne Merriman alianzisha kazi hiyo Kampala mwaka 1993. Unga wa morfini ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu yake itambulike, nao wagonjwa wakanywa nyumbani mwao. Na kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika dawa hiyo.

Basi, ndugu zetu na walimu, twaona kwamba mwongozo wa wataalamu ulizaliwa kando ya kitanda, kwa kumsikiliza anayeumwa. Tusimwambie mgonjwa avumilie tu. Tumwulize panapouma na tangu lini, tumpeleke kwa mganga, na dawa iliyoandikwa kwa saa tusiizuie mpaka alie. Na akiisha kunywa, tusiondoke upesi. Tuketi naye, kwa maana yako maumivu yasiyofikiwa na chupa.