OFISI IWE WAPI? Historia ya Ofisi za Mjini na Uamuzi Ulio Mbele Yetu



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi tukiwa pamoja. Katika kitabu hiki wenzangu wameandika habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Mie nimepewa kazi ya historia, na nimechagua historia ya jambo linalotugombanisha sasa hivi, nalo ni ofisi. Wako wanaosema kikundi cha miaka kumi hakiwezi kuendelea kuweka sanduku nyumbani kwa mtu, lazima tupate ofisi Mjini, tena Mji Mkongwe, ambako wageni wanapita na sabuni yetu ya mwani itapata wanunuzi. Wako wanaosema ofisi ibaki hapa hapa Uroa. Mkutano mkuu ndio utakaoamua. Lakini kabla hatujanyoosha mikono, tutizame waliotutangulia walichagua vipi mahali pa ofisi zao, na mambo gani yaliwafika.

WALIOKAA KARIBU NA FORODHA

Mji wa Unguja ulikua kwa sababu ya bandari. Seyyid Said alipohamishia makao yake hapa kutoka Maskati katika karne ya 19, mali yote ilipita Forodhani: karafuu, pembe za ndovu, na, Mungu atusitiri, binadamu wenzetu waliouzwa kama bidhaa. Ushuru wenyewe haukukusanywa na watumishi wa Sultani. Ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, kwa miaka mingi nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na baadaye Tharia Topan. Basi kila mwenye shughuli alitaka akae karibu na forodha. Balozi wa Marekani, Richard Waters, alifika mwaka 1837. Wafanyabiashara wa Hamburg, kama vile kampuni ya O'Swald, nao wakaja na kufungua ofisi. Wakubwa hawa walipenda upande wa Shangani, mbele ya bahari, wakiona chombo kinapotia nanga. Chini ghala, juu ofisi na makazi. Wenye maduka madogo walikaa ndani zaidi mitaani, duka mbele, familia nyuma au juu dari.

Kwa hivyo sababu ya kwanza ya kuchagua mahali ilikuwa moja tu: kuwa karibu na pale pesa inapopita. Hilo si kosa, hata sie tunalitaka.

Lakini tusisahau Mji ule ulijengwa kwa nini. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa chokaa kilichochomwa kwenye matanuu, na kwa boriti za mikoko. Vitu hivi havikuota Shangani. Vilitoka pwani na mashamba, kwa mikono ya watu kama sie. Na boriti ndiyo iliyopima chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko una urefu wake, vyumba vingi vya nyumba za kale ni vyembamba, upana wa kiasi cha mita 3 hivi. Anayetaka ofisi ya kukalisha kikundi kizima kwenye duara siku ya hisa, alijue hilo mapema.

JUMBA ZURI LINATAKA MATUNZO

Mwaka 1883 Seyyid Barghash alijenga Beit al Ajaib, jumba la maajabu. Mwaka 1896 manowari za Kiingereza zilipoupiga mji mizinga, makasri ya jirani yaliharibika lakini jumba hili likabaki limesimama. Waingereza wakaja wakalifanya makao ya ofisi zao za serikali. Hapakuwa na ofisi ya fahari kuliko ile Unguja nzima. Baadaye likawa jumba la makumbusho.

Lakini jumba ni kama mtoto, halikui kwa kutizamwa tu. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya jumba iliporomoka na watu wawili wakafariki. Mungu awarehemu. Siandiki haya kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba jengo la chokaa linalonyeshewa mvua mwaka hadi mwaka halisubiri kikao. Ukiona ukuta una chumvi na unabambuka, na mwenye nyumba ameupaka saruji juu ili upendeze, jua maji yamefungiwa ndani. Saruji haipatani na chokaa. Mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua hili, madalali hawalisemi.

MJI ULIPOCHAKAA NA ULIPOFUFUKA

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikawa mali ya Serikali. Nyengine zilikuwa wakfu tangu zamani. Waliingia wapangaji wengi, wengine kutoka shamba, wengine kutoka Pemba, kwa kodi ndogo sana. Kodi ndogo ni rehema kwa maskini, lakini haikutosha kununua chokaa wala boriti. Nyumba zikaanza kuanguka moja moja.

Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria yake, na mpango wa uhifadhi ukatolewa. Miaka hiyo hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, wageni wanaongezeka, na kila mwenye jumba akawa anafikiria hoteli. Jengo la zamani la simu kule Shangani likawa hoteli kubwa mwaka 1997. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Bustani ya Forodhani ikatengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009.

Mfano ulio karibu na kadhia yetu ni ile Zahanati ya Zamani, jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, karibu na bandari. Tharia Topan yule yule wa forodha aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, akikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 jengo halijesha, likamalizika 1894. Baadaye likanunuliwa, chini ikawekwa zahanati na juu wakakaa watu. Likaja likachakaa mpaka likakaribia kuanguka. Katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan lililitengeneza, likafunguliwa tena kwa maduka na ofisi.

Tizameni safari ya nyumba hiyo moja. Ilikusudiwa wagonjwa, ikawa makazi, ikawa gofu, ikawa ofisi. Ilipofufuka haikufufuka kwa ajili ya wale wale waliokuwa wakipanga. Ndivyo mji unavyofanya ukipakwa rangi upya. Kila kitu kinapendeza, na kodi inapanda ngazi kabla yako. Sie tusikasirike, maana bila ya matengenezo kusingekuwa na nyumba wala mgeni wa kununua sabuni. Lakini tujue tunaingia soko gani.

NG'AMBO, MJI WA WENGI

Zamani mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Palikuwa na daraja, na ndiyo jina la Darajani. Matajiri na wakubwa upande huu, wachukuzi, mafundi na watu wa kawaida upande ule. Mkono ule ukafukiwa kidogo kidogo. Marikiti ya Darajani ilijengwa mwaka 1904, na mpaka leo ndipo mtu wa shamba anapoijua bei ya samaki wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walichora mpango wa majumba marefu, ndiyo yale ya Michenzani. Katika miaka ya 2010 ukaja mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, wa kuifanya Ng'ambo iwe kitovu cha mji. Sasa pale Michenzani lipo jengo kubwa la maduka na ofisi la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii.

Yaani siku hizi mjini si Shangani tu. Mwanamke anayenunua sabuni ya kuogea kila mwezi yuko Ng'ambo. Mgeni ananunua mara moja, anapanda ndege.

UAMUZI ULIO MBELE YETU

Kamati imetembea, imetizama vyumba, na mie nilikuwemo. Juu dari katika Mji Mkongwe tulionyeshwa chumba kizuri chenye dirisha la kutizama paa za watu. Ngazi zake ni za wima. Bibi zetu walioanzisha kikundi hiki, ambao magoti yao yameliwa na maji ya chumvi kwa kupanda mwani, wangekwea vipi? Gari halifiki mlangoni, mzigo utabebwa kwa rikwama, na rikwama ina bei yake. Tulitakiwa kodi ya mwaka mzima mbele na kilemba juu yake. Tukapiga hesabu na mhasibu wetu: kilemba peke yake kingekula mfuko wa jamii wote. Mfuko ule ndio uliowapeleka wenzetu hospitali usiku, ndio uliotushika mkono mwani ulipokufa kwa joto la bahari. Huo si wa kumpa dalali.

Fikra yangu ni hii, na kila mmoja ana haki ya kuikataa. Sanduku, vitabu na vikao vibaki Uroa. Pesa ilale pale wenyewe wanapolala, mwenye kufuli zake tatu aziitie mwenyewe. Mjini tusitafute ofisi, tutafute dirisha la kuuzia: fremu ndogo ya chini upande wa Ng'ambo, hatua chache kutoka gari za shamba zinaposhusha, tena kwa kushirikiana na vikundi vyengine vya pwani yetu tugawane kodi. Ikishika, baada ya miaka miwili tutizame tena Mji Mkongwe.

Na popote tutakapokwenda, tuulize haya kabla ya kutoa shilingi. Nyumba ni ya nani: ya mtu, ya Serikali, au ya wakfu? Kama ni ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu inaujua mkataba huo? Kama imo Mji Mkongwe, tukitaka kutia kibao au kubadili mlango, kibali cha Mamlaka anaomba nani? Paa likivuja anatengeneza nani? Mita ya umeme ni yetu peke yetu? Choo kipo? Kodi itapanda lini na kwa kiasi gani? Majibu yaandikwe, yatiwe saini, yasomwe kikaoni kwa sauti ili na asiyejua kusoma asikie.

Wakubwa wa zamani walikaa karibu na forodha kwa sababu mali yao ilikuwa baharini. Mali yetu sie iko wapi? Iko kwenye hisa ya kila wiki, na katika kuaminiana kwa miaka kumi. Tukikaa karibu na hiyo hatutapotea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikitobolewa chini hakijai.

Nawaomba wote tuhudhurie mkutano mkuu, wenye fikra ya Mji Mkongwe waje na hesabu zao, nasi tuje na zetu. Tusikilizane, kisha tupige kura, na kitakachopita kiwe chetu sote.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti wa Kikundi,
Uroa