Vita vya Jutland: Walivyosimulia Mabaharia



Tarehe 31 Mei, 1916, katika Bahari ya Kaskazini, si mbali na pwani ya Denmark, manowari 151 za Uingereza zilikutana na manowari 99 za Ujerumani. Hadi siku ya pili Waingereza walikuwa wamepoteza manowari 14 na watu 6,094. Wajerumani manowari 11 na watu 2,551. Kila upande ulitangaza kwamba ndio ulioshinda. Wafuasi wa makamanda wawili wa Kiingereza, Jellicoe na Beatty, waliendelea kubishana kwa miaka mingi juu ya nani aligeuza manowari zake wakati gani. Ubishi huo tuuache. Anayetaka kujua yaliyotokea ndani ya vyuma vile na awasikilize waliokuwamo.

Alasiri ile manowari Indefatigable, yenye watu 1,019, ililipuka, wakaokoka wachache mno. Haikupita nusu saa ikalipuka Queen Mary, ikazama na watu 1,266. Beatty mwenyewe, akiwa katika manowari Lion, alitamka kwamba manowari zake zina kasoro. Lakini maelezo yaliyo wazi zaidi yamo katika kumbukumbu za mtu wa cheo kidogo, Alexander Grant, mkuu wa wapiga mizinga wa Lion. Alipohamishiwa humo mwaka 1915 alikuta milango ya maghala ya baruti ikiachwa wazi na mifuko ya baruti ikirundikwa nje, ili mizinga ipigwe kwa haraka. Sheria iliyokataza jambo hilo ilikuwapo. Ilikuwa imewekwa kando tu. Grant akaamuru kwamba kila mzinga usitolewe baruti zaidi ya ile inayohitajiwa mara moja. Tusisahau kwamba amri hiyo iliwaongezea kazi wale waliokuwa wakiteremka ghalani.

Siku ya vita kombora lilipasua mnara mmoja wa mizinga wa Lion. Meja Francis Harvey, aliyekuwa amejeruhiwa vibaya, aliagiza ghala lijazwe maji. Baadaye moto ulizuka tena mnarani, ukawaunguza watu hadi chini, lakini ghala halikulipuka. Harvey akafa, Lion ikarudi bandarini. Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kuonja moto wa namna hiyo Januari 1915, manowari yao Seydlitz ilipoungua, na walirekebisha mambo.

Ushairi nao haukukaa kimya. Mwaka huo huo wa 1916 Rudyard Kipling aliandika habari za vita hivi magazetini, na pamoja nazo akatoa shairi la mzazi anayeuliza habari za mwanawe aliyepotelea baharini. Wengi hudhani kijana huyo ni John, mtoto wa Kipling. Sivyo hasa, kwa kuwa John alikuwa askari wa nchi kavu, akatoweka huko Loos, Ufaransa, Septemba 1915. Baba yake alifariki mwaka 1936 pasipo kuonyeshwa kaburi lake. Huenda ndiyo maana aliwaelewa wazazi wa mabaharia.

Upande wa Wajerumani mshairi alikuwa vitani mwenyewe. Johann Kinau, mtoto wa mvuvi, aliyeandika kwa jina la Gorch Fock, alianza utumishi katika jeshi la nchi kavu, akaomba kuhamia majini. Machi 1916 akapewa kazi ya ulinzi wa mlingotini katika manowari Wiesbaden. Siku ya Jutland mitambo ya Wiesbaden ilivunjwa, ikabaki imesimama katikati ya makundi mawili ya manowari, ikipigwa na kila Mwingereza aliyepita karibu. Usiku ikazama. Aliyepona ni mmoja tu, Hugo Zenne, mtia makaa, na habari za saa za mwisho za manowari hiyo zimetoka kinywani mwake.

Maiti ya Gorch Fock ilichukuliwa na mawimbi hadi pwani ya Uswidi. Ilizikwa katika kisiwa kidogo cha Stensholmen, pamoja na mabaharia wengine wa Kijerumani, na wa Kiingereza.