Waliopona saratani ya ovari wasiharakishe kuondolewa matiti

MWANAMKE wa Kayole, Umoja au Dandora anapokamilisha matibabu ya saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, huamini kwamba dhiki yake imefikia kikomo. Hata hivyo, kipimo cha damu kikionyesha kuwa amerithi kasoro katika jeni ya BRCA1 au BRCA2, swali jingine huzuka: je, aondolewe matiti kabla hayajaugua?

Jeni hizo, zilizotambuliwa mwaka wa 1994 na 1995, husaidia mwili kurekebisha hitilafu ndani ya chembechembe zake. Zinapokuwa na kasoro, saratani hupata mwanya. Kati ya wanawake 100 wenye kasoro hiyo, zaidi ya 60 hupata saratani ya matiti maishani.

Upasuaji wa kujikinga hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Ulijulikana kote duniani mwaka wa 2013, mwigizaji wa Marekani Angelina Jolie alipotangaza kuwa ameufanyiwa. Lakini Jolie hakuwa ameugua saratani. Hali ya mwanamke aliyewahi kuugua ovari ni tofauti.

Kwake, tishio kubwa katika miaka ya mwanzo si matiti, bali ni saratani ile ile ya ovari kurejea. Ugonjwa huo, uliomuua mshindi wa Tuzo ya Nobel Profesa Wangari Maathai mnamo Septemba 25, 2011, mara nyingi hugunduliwa ukiwa tayari umesambaa. Zaidi ya nusu ya wanaogunduliwa wakiwa katika hatua hiyo hurudiwa, wengi wao ndani ya miaka michache.

Kwa upande mwingine, utafiti umeonyesha kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 wa kundi hili hupata saratani ya matiti ndani ya miaka 10. Inaaminika kwamba dawa za kuua seli za saratani pamoja na kuondolewa ovari hupunguza hatari hiyo kwa muda.

Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri subira. Upasuaji huzingatiwa zaidi iwapo saratani ya ovari iligunduliwa mapema, au iwapo miaka kama mitano imepita bila ugonjwa kurejea. Kabla ya hapo, matiti huchunguzwa kila mwaka kwa eksirei maalumu na, inapowezekana, kwa mashine ya MRI.

Upasuaji wenyewe si jambo dogo. Mgonjwa hupoteza hisi kifuani, na kwa wiki kadhaa hawezi kuinua mizigo. Kwa anayeishi ghorofa ya nne na kuteka maji kwa mitungi ya lita 20, hilo ni suala la kupangwa na familia nzima mapema.

Kipimo cha jeni hakipatikani katika zahanati za mitaani, na bei yake huwalemea wengi. Hatua ya kwanza ni kumuuliza daktari katika kliniki ya saratani anakohudhuria mgonjwa, au kuomba rufaa kutoka Hospitali ya Mama Lucy Kibaki hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Jibu la kipimo hicho huwafaa hata wengine. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi kasoro hiyo, nayo hupitia kwa baba sawa na kwa mama. Shangazi aliyeugua titi akiwa kijana, au nyanya aliyefariki mashambani kwa kilichoitwa maradhi ya tumbo, ni habari ambayo daktari anapaswa kuelezwa.

Kwa binti au dada ambaye bado hajaugua, habari hiyo huenda ikamwokoa na saratani zote mbili.